Kwa Yaya, Kuhusu Ponti Tuliyoibadilisha

Mpendwa Yaya, kaka yangu mkubwa,

Miaka imepita na bado nimeduwaa. Mtu akinitajia mbio za magari, nasikia injini yetu ikilia bure.

Unakumbuka ua wetu pale Kenya, mtaa wetu wenye jina la nchi? Wewe kaka na dereva, mimi mdogo wako wa kukusomea kona mashindanoni. Ulichomelea ponti, ule mtambo unaogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, yote mawili yakawa yanazunguka pamoja. "Hii iko ndoa ya kanisa," ulimwambia Mama, "hakuna kuachana!" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kweli gari lilikuwa kaidi. Kwenye kona lilitaka kwenda moja kwa moja, na usipolirusha mkia mapema, linakupeleka porini. Lakini kwenye tope halikukwama hata siku moja.

Ndipo ikaja kanuni mpya ya mashindano: ponti iwe ya kiwandani. Mkaguzi aliinua gari, akazungusha gurudumu moja kwa mkono, la pili likafuata upande uleule, akatikisa kichwa. Ulinuna siku nzima, kisha ukafunga ya kawaida. Gari likawa tiifu ajabu, likageuka bila ubishi, ila gurudumu la ndani likiteleza tu, nguvu zote zinaishia hapo. "Sasa iko ya kubebea bibi-arusi," ulilalamika.

Mashindano hayakufanyika. Wiki ileile majirani waliokuwa wakila kwetu walisimama mlangoni wakipiga kelele: "Bakasai barudie kwabo!" Ati Wakasai turudi kwetu, Kasai walikotoka wazazi; sisi, tuliozaliwa palepale! Tulimpakia Mama tukakimbilia mpaka wa Zambia, mvua ikinyesha. Kwenye tope gurudumu moja likazunguka bure, la pili likasimama tuli. Nyuma wenye marungu walikuwa wanakuja mbio. Ukaniachia usukani, ukapanda juu ya buti, upande wa lile linaloteleza, ili ulikandamize kwa uzito wako.

"Kanyaga, mudogo wangu! Kanyaga!"

Kwa kanuni ile simlaumu mtu. Ilikuwa ya haki kwa mchezo, hata wewe ulikiri. Kinachonishtua mpaka leo ni sauti yangu mwenyewe. Gurudumu liliposhika, gari likaruka mbele, nami nikapiga vigelegele. Nikatazama kioo nione unavyocheka. Ulikuwa umeanguka kwenye tope, na wao walikuwa wameshakufikia.

Pumzika, Yaya, popote walipokuacha.

Mdogo wako wa kike