Kahawa Uliyoiacha Ndani ya Ganda

Yaya wangu,

Nakuandikia kukiri kosa. Ninajua hutaamini. Wewe dada yangu mkubwa ulinilea tangu mama alipotutoka, ukaniona nikigombana na wakurugenzi wa shule, na wachungaji, na yule bwana wa redio aliyenizimia maikrofoni katikati ya sentensi, na katika miaka yote hiyo hukuwahi kunisikia nikisema nimekosea. Sasa nimelisema. Nimelisema mbele ya binti yako Neema, tena nikiwa nimesimama uani kwako Nyakasanza na viatu vimejaa matope.

Ni kuhusu kahawa yako ya mwisho. Ile uliyoichuma shambani kwetu Djugu, tulikofukuzwa na vita, safari mliyokwenda wanawake sita, mkalala siku moja tu na kurudi kila mmoja na mzigo mgongoni. Tangu safari hiyo hakuna mtu wa kwetu aliyefika kule. Tunasikia majani yamepanda mpaka madirishani. Kwa hiyo gunia lile ndilo shamba lote tulilobaki nalo.

Nakumbuka ulivyolishughulikia. Uliitoa kahawa ngozi yake nyekundu, ukaiosha, ukaianika uani juu ya bashi, lile turubai lako, na kila jioni ulichukua punje moja ukaing'ata. Jino likiacha alama, ulisema bado. Siku jino lilipoteleza bila kuacha kitu, ukaitia katika gunia ikiwa bado ndani ya lile ganda jembamba la rangi ya majani makavu tunaloliita parche. Gunia ukaliweka juu ya mbao chini ya kitanda, mbali na sabuni, mbali na mafuta ya taa, mbali na ukuta ule unaotoa jasho wakati wa mvua. Kila Jumamosi ulichota vikombe viwili tu. Ukatwanga, ukapepeta, ukakaanga juu ya makaa, na hukuturuhusu kuigusa mpaka Jumapili tukitoka kanisani. "Muache ipumue," ulisema. "Mutu akitoka ku moto, hamumuulize mambo."

Nami nilikucheka. Nilikuwa nimesoma, Yaya, na niliyoyasoma yalikuwa kweli: hewa, mwanga, joto na unyevu ndivyo vinavyoua kahawa. Nilikuhubiria hayo nikiwa nimeketi juu ya kitanda chako, na gunia lako likiwa chini yangu, gizani, pakavu, pa baridi, kila punje imefungwa katika ganda lake. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukaniuliza kama nitaongeza sukari.

Baada ya maziko yako, tuligawana. Neema alibaki na nusu palepale chini ya kitanda. Nusu nyingine niliichukua mimi, nikatangaza kwamba nitaihifadhi kisasa mpaka siku ya kumaliza kilio, kwa sababu unajua desturi ya kwetu: asubuhi ile jamaa wanakunywa au kula kitu kilichotoka katika mikono ya marehemu, na mwaka mmoja ni mrefu. Neema aliniambia niache ganda. Nikamwambia ganda ni la watu wasio na frigo.

Nikaipeleka yote kwenye mashine, ikakobolewa kwa saa moja. Nikaikaanga yote siku moja, kwenye kaango kubwa la jirani. Nikaitia yote katika mifuko ya plastiki ikiwa bado na moto, nikaikaza kwa kamba ili hewa isipate njia. Asubuhi yake mifuko ilikuwa imevimba kama matumbo ya watoto wenye minyoo, na miwili ilikuwa imepasuka. Nilihamisha iliyobaki katika mifuko mipya, nikaisukuma ndani ya frigo. Na ndani ya frigo, Yaya, kulikuwa na samaki wa ziwani, wa Tchomia. Umeme wetu unaujua. Kila ulipokatika, mifuko ilitoa jasho kwa ndani. Kila uliporudi, jasho lile lilirudi baridi juu ya kahawa yako.

Mwezi wa tatu baada ya maziko nilimwita Neema aje anywe. Alipiga funda moja, akaangalia ndani ya kikombe kama mtu anayetafuta inzi.

"Mama mudogo, hii ni kahawa ao ni supu ya samaki?"

Nilimjibu kwa muda mrefu. Nilimwambia ulimi wake umeharibiwa na vitu vya dukani. Nilimwambia harufu ya samaki iko katika mawazo yake. Nilimtajia vitabu. Ana subira yako yule mtoto. Aliniacha nimalize, akasukuma kikombe katikati ya meza.

"Kahawa ilisha kufa," akasema. "Weye uko unatetea maiti."

Sikumsemesha siku tisa. Lakini siku ya kumi nilifungua mfuko mwingine peke yangu, nikanusa, na nikajua. Ilikuwa na harufu ya karanga za mwaka jana, na nyuma yake samaki. Ya kwako haikuwamo. Nilifunga mfuko na sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa lenyewe, Yaya. Kuharibu kahawa ni ujinga tu. Kunyamaza nilikusudia.

Halafu ukaja mkutano wa jamaa wa kupanga siku ya kumaliza kilio. Baba mudogo Filipo ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikao, na unajua anavyopenda mambo yaishe haraka. Akapendekeza tununue mikebe ya kahawa ya unga, maji ya moto, sukari, basi. Nikasimama. Ungekuwapo ungenivuta sketi nikae. Nilisema milima yetu imejaa kahawa, na kahawa hiyo inavuka mpaka katika magunia yasiyo na jina, kisha tunauziwa unga wenye jina la watu wengine, tunaukoroga na kujiona watu wa mjini. Nikasema sawa, tujidanganye hivyo kila asubuhi, lakini si katika kilio cha mwanamke aliyepanda mikahawa kwa mikono yake, akafukuzwa kwenye mikahawa hiyo, akarudi kuichuma akijua njiani anaweza kuuawa. Sijutii hata neno moja la hayo. Chumba kizima kilikuwa kinaitikia kwa kichwa.

Baba mudogo akaniuliza kwa sauti ya chini kama kahawa ya marehemu iko. Nikasema iko. Akauliza kama itatosha watu wote. Nikasema itatosha. Neema alikuwa ameketi karibu na mlango, na hakuinua macho.

Ninajua kushinda mkutano. Nilishinda, nikatoka nje na ahadi mdomoni na samaki katika frigo.

Zilibaki wiki mbili. Nilikwenda Nyakasanza kwa miguu Jumamosi, nikitunga utetezi njiani: umeme, plastiki mbaya, mvua za mwaka huu. Ulikuwa utetezi mzuri. Nilipofika kwenye uzio nikasikia harufu. Neema alikuwa anakaanga, kikombe kimoja tu, lakini kama wewe, na harufu ile ilikuwa yako kabisa, ilikuwa ya Jumamosi zako zote, hata ile ya mwisho ulipokaanga ukiwa umeketi kwa sababu moyo haukukuruhusu tena kusimama. Utetezi wote ukanitoka.

"Neema," nikasema, "nimekosea. Kahawa ya mama yako niliiharibu."

Aliendelea kugeuza punje kwa mwiko mpaka zilipoiva, kwa sababu kahawa haingoji toba ya mtu. Alipoimwaga kwenye ungo ndipo akauliza kama ni yote. Nikamwambia yote niliyochukua. Nilingoja anipige na ushindi wake. Mimi ningempiga nao. Hakunipiga. Aliniambia tangu mwezi wa tatu amekuwa akikaanga kikombe kimoja tu kila Jumamosi, badala ya viwili, ili ile yake ifike siku ya kilio. Alijua, Yaya. Alikaa mlangoni katika mkutano ule akiilinda ahadi yangu kabla sijaitoa.

Kisha akasukuma kinu kwa mguu mpaka mbele yangu. Mashine inavunja punje, akasema, tutatwanga kwa mikono. Nikaushika mchi nikaanza kama ninavyoanza kila kitu.

"Pole pole, Mama mudogo. Ndani ya kinu hamuna mupinzani."

Nilicheka mpaka nikalia, au kinyume chake, sikumbuki. Nikajifunza. Mchi haupigi, unasugua; ganda linalegea lenyewe, na chini yake punje inatoka imara, ya kijani kibichi chenye vumbi, baada ya karibu mwaka mzima. Nilimwuliza kwa nini ulikoboa kidogo kidogo hivyo. Akanipa jibu ulilompa wewe akiwa mtoto: "Ukimutoa ndani ya nyumba yake, anaanza kuzeeka." Wewe uliyetamka hayo ulikuwa umetolewa katika nyumba yako mara tatu.

Tulikaanga Ijumaa ili ipumzike siku moja. Jumamosi iliyopita watu walikuja, wakaomba, wakaimba, na tukawapa kahawa yako yenye tangawizi. Sitakudanganya, haikuwa kama ya mwaka jana. Ule ukali wa mwanzo ulikuwa umepungua. Lakini ilikuwa hai. Wanawake wawili wa ile safari ya Djugu walishika vikombe kwa mikono miwili, wakanusa kabla ya kunywa. Baba mudogo Filipo aliomba kikombe cha pili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumkumbusha nani alisema nini.

Watu walipoondoka tulipima gunia. Kumebaki vikombe kumi: Jumamosi tano. Na hapo, Yaya, mkono wangu ulikwenda wenyewe juu ya gunia. Nilitaka kulichukua, kulifunga, kuliweka mahali ambapo hakuna mtu atakayelifungua kamwe. Neema aliuona mkono huo. Alikunja mdomo wa gunia akalirudisha juu ya mbao zako. Nami ninajua, kwa sababu hili pia nimelisoma na safari hii nimelielewa, kwamba hata ndani ya ganda kahawa inakwenda. Ikingoja mwaka mwingine itakuwa na ladha ya vijiti. Ulijua kuihifadhi kwa sababu ulikusudia tuinywe.

Basi hii ndiyo ahadi yangu. Kila Jumamosi nitakuja kutwanga vikombe viwili. Jumamosi ya tano nitatwanga vya mwisho, na Jumapili tutainywa yote, Neema na mimi, mpaka masimbi ya chini. Sitaficha hata punje moja katika mfuko wa koti. Kwangu hilo ni gumu kuliko kukiri kosa, na ninakuomba unisaidie huko uliko.

Kwaheri, Yaya. Asante kwa kila Jumapili.

Mdogo wako