Wodi Iliyochorwa kwa Chokaa

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeacha dawa kwa sababu eti inakufanya usinzie kazini, hilo tutalizungumza. Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa kubishana na watu. Na cherehani yako nayo naiulizia hali, mbele utajua kwa nini.

Wiki mbili zilizopita niliwasilisha michoro ya wodi ya wazazi mbele ya kamati ya hospitali. Nilibandika ramani ukutani, na kando yake picha za rangi zilizotengenezwa kwa kompyuta: jengo jeupe, maua, watu wembamba wanatembea huku wanacheka. Walipiga makofi. Mwenyekiti akasema jengo hilo litawatoa kimasomaso. Nikavimba kichwa, Baba. Si unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Aliyekaa kimya ni mkunga mkuu, mama wa makamo, ambaye ndiye atakayefanya kazi humo. Aliichukua ramani, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akairudisha mezani akisema ni nzuri sana. Nikashtuka. Nilikuwa nimewahi kuona mikono ikigeuza ramani namna ile.

Nikamfuata nje, nikamsihi aniambie ukweli. Akacheka kwa aibu, akasema yeye pale anaona mistari tu, na mbele ya wakubwa wale asingethubutu kuuliza mlango uko wapi.

Ndipo nikakukumbuka wewe na chaki yako. Hujawahi kumwonyesha mteja picha ya suti ukaishona moja kwa moja. Unamvalisha kwanza ikiwa imeshikizwa kwa pini, unamwambia ainue mikono, aketi, unamuuliza panapobana, unatia alama. Basi nikanunua mfuko wa chokaa, nikaichora wodi nzima kwenye uwanja wa nyuma wa hospitali, kwa ukubwa wake halisi. Wenzangu ofisini walisema nimerukwa na akili. Nikamwita mkunga na wauguzi wake, nikawaambia huu ni ukuta, marufuku kuukanyaga. Wakaleta kitanda cha magurudumu, na mhudumu mnene kuliko wote akalala juu akijifanya ana uchungu, akipiga mayowe mpaka tukashika mbavu. Walipofika kwenye kona ya kuingilia chumba cha kujifungulia, kitanda kikagoma kupinda bila kukanyaga ukuta. Kicheko kikakatika. Mkunga akaitazama ile kona, akasema taratibu kwamba hapo angempoteza mtu.

Kona tumeipanua. Lakini tangu siku ile sina raha, na hicho ndicho kilichonifanya niandike.

Baba, siku niliyokuletea ramani ya nyumba yenu uliigeuza mara mbili, ukasema ni nzuri, mwanangu. Nilijua hukuielewa. Nilijua siku ile ile nikanyamaza, kwa sababu nilizitaka zile sifa, na niliogopa kwamba ukielewa utataka nibadilishe. Nikakujengea chumba cha kushonea chenye kiza, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Huu ni mwaka wa tatu unashonea barazani. Mvua ikija unabeba cherehani kuiingiza ndani kwa goti hilo hilo, na ukiulizwa unasema unapenda upepo. Hujanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nisamehe, Baba.

Nitakuja Jumamosi na chokaa iliyobaki. Tutachora chumba kipya hapo uani, utaketi ndani yake na cherehani yako, na dirisha utaliweka mwenyewe, upande jua linakochomozea. Msalimie sana Mama, mwambie asithubutu kufagia uwanja mpaka tumalize.

Ila safari hii usiniambie ni nzuri. Niambie panapobana.

Ni mimi binti yako, yule unayemwita
Bi Rula