Upepo Uliokuwa Ukipanda

Jumatatu, 4 Machi

Kaka amelazwa tena. Mapafu. Wifi kanikataza kulia mbele yake, basi nimelilia kwenye ngazi. Mgonjwa mwenyewe anaulizia kazi tu: upepo bado unapanda? Nikasema unapanda. Akacheka hadi akakohoa.

Ameuwinda tangu aliponiingiza kazini — upepo wa wima, huko juu kabisa ya ikweta. Mdogo mno, umezama ndani ya upepo mkali wa mlalo. Tunaukadiria kutokana na vipimo vya setilaiti. Makala inatakiwa Ijumaa. Jina lake litatangulia langu.

Jumatano, 6 Machi

Sijala. Nilifungua maelezo ya chombo cha setilaiti kinachopima upepo, niandike tanbihi tu. Kumbe kwa chombo, chanya ni hewa inayokwenda mbali nacho. Kwetu sisi, chanya ni juu. Lakini chombo kinatazama kutoka juu — kinachokwenda mbali nacho kinashuka!

Programu ni ya kaka. Hakugeuza alama. Nimerudia hesabu, nikarudia tena. Unashuka. Miaka yote hii ulikuwa unashuka. Kaka yangu masikini!

Alhamisi, 7 Machi

Mkuu wetu kazini kanuna, lakini makala imesimama hadi niirekebishe. Hilo limekwisha. Limebaki la kaka.

Nimemwambia wifi. Alisikiliza huku anakunja shuka, akauliza kama kuna mtu ataumia kwa kosa hilo. Nikamjibu hakuna.

“Basi mwache aondoke nao ukipanda.”

Nikashika ncha ya pili ya shuka. Kaka ndiye aliyenifunza: kosa lolote la kazi, mwambie mwenye kazi kwanza. Nami nimeanza kwa mkuu.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari katuambia tusiende mbali. Kaka yuko macho, sauti imefifia. Kataka nimsomee matokeo. Nikajifanya natafuta miwani.

“Unapanda?”

Wifi, nyuma ya mto wake, akaniashiria kwa kichwa: sema ndiyo. Nikasema ngoja nilete maji.

Naandika nimesimama kwenye korido. Glasi imejaa zamani. Mlango uko wazi, nawasikia. Wifi anasema labda bomba halitoi maji. Kaka anacheka kidogo, kikohozi kinamkata.

“Huyo namjua tangu mtoto. Akichelewa hivyo, kuna kitu kimevunjika. Mwambie aje tu, aniambie.”

Nafunga daftari, nabeba glasi, naingia.