Sala ya Mlango wa Choo

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Amagoro tuko salama, bibi yako anavuna njugu. Umeniuliza mtu asali vipi kama mawazo hayatulii. Hata mimi sielewi vizuri.

Nikiwa kijana niliuza vitunguu Malaba, kando ya mama mmoja Myahudi kutoka upande wa Uganda. Kila akitoka choo cha soko alinawa, akasimama, akanong'ona. Nikamuuliza anaongea na nani.

"Namshukuru Mungu, kijana. Pale pa kufunguka pamefunguka."

Nilicheka sana.

Sasa, tangu hospitali waniondoe mpira wa mkojo, nikitoka chooni najikuta nimesimama, kopo mkononi. Mimi ni Mkatoliki, maneno yake siyajui. Sijui kama hiyo ni sala, lakini miguu inakataa kuondoka.

Babu yako