Mafuta Aliyoyakanyaga Kasmiri

Ifakara,
Jumapili, baada ya misa

Kwako kaka yangu Damiani,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima huko Geita, wewe na wifi Restuta na watoto. Yule mdogo kifua kimeacha kumbana? Sisi huku tunapumua tu. Baba anakula kidogo, analala kidogo. Mvua imezidi na mpunga wa bondeni umelala, lakini hayo ni ya kila mwaka. Ambalo hatujalizoea ni nyumba isiyo na sauti ya mama.

Nimekupigia simu hupokei, na ujumbe wangu hujibu. Basi nimeamua kuandika, na barua hii nampa Mabula, mwenzako wa mgodini, anayerudi kazini kesho. Nimemsihi akukabidhi mkononi. Isome mpaka mwisho, kaka, hata ukikasirika njiani.

Ulipokuja msibani ulisikia mambo vipandevipande, huyu analia, yule anaita. Hakuna aliyekukalisha chini akakueleza mama alivyotutoka. Acha nikueleze mimi niliyekuwepo.

Alianguka uani asubuhi, akianika mpunga. Hakupiga kelele. Tulipomfikia mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia umelegea. Hospitalini daktari alisema damu imevujia kwenye ubongo, apelekwe Morogoro upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama mjamzito na halijarudi. Ndipo baba akalikumbuka gari lako, lililokuwa chini ya turubai tangu Krismasi, barabara ilipokatika ukapanda treni.

Wewe ulivyolitunza gari lile, hakuna asiyejua. Ulitueleza sote kwamba fundi wa Dar alichezea kompyuta yake akaiongezea nguvu tabo, ile inayosukumia injini hewa, na tangu hapo halitakiwi petroli yoyote isipokuwa ile ya oktani ya juu. Ulisema petroli hafifu inalipuka ndani ya injini kabla ya wakati wake, na injini ikilazimishwa hivyo inavunja pistoni zake yenyewe. "Hili halinywi gongo," ulisema, na mama akacheka mpaka akajishika mbavu, ingawa pistoni kwake ilikuwa neno tu.

Mimi siendeshi, na macho ya baba unayajua. Nikakimbilia kwa jirani, mama Balbina. Mwanawe Kasmiri ndiyo kwanza alikuwa ameegesha lori la mpunga, chakula kiko mbele yake. Alinawa mikono bila kula, akaja. Tangi lilikuwa karibu tupu. Sheli zote mjini zilikuwa zimekauka kwa sababu malori ya mafuta yalikwama njiani. Petroli iliyopatikana ni ile ya madumu, Kivukoni, wanayonunua wenye boti na bodaboda. Kasmiri aliinusa, akasema inanuka mafuta ya taa, na gari ni la mtu, hawezi kuitia bila ruhusa ya mwenyewe. Nikakupigia. Ukasema itiwe hiyo hiyo, ila aende polepole, asiiamshe tabo.

Akatii. Baba alikaa nyuma, kichwa cha mama mapajani, mimi mbele. Tulipita Mang'ula, tukapita mashamba ya miwa, Kasmiri akiendesha kama aliyebeba mayai. Mama alikuwa anakoroma. Nilikuwa nageuka kila mara kumtazama, na baba alikuwa anamfuta mate kwa ncha ya shati lake.

Tulipovuka Kidatu na kuanza kupanda, mkoromo ukabadilika. Ukawa unakatika, unakaa, halafu unarudi. Kasmiri akaongeza mwendo kidogo, na hapo hapo injini ikaanza kugonga, sauti kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Akapunguza, kelele zikaisha. Akaniambia akilazimisha kwenye mlima ule gari halifiki Mikumi, lakini tukienda hivyo hivyo tutafika.

Wakati huo ukapiga simu. Nilikueleza yote, mama anavyopumua, injini inavyogonga, na Kasmiri anavyosema. Kaka, nayakumbuka maneno yako kama nilivyoyasikia. Ulisema, "Mwambie akanyage mafuta! Gari nitanunua jingine. Mama nitamnunua wapi?" Ulikuwa unalia. Sijawahi kukusikia ukilia.

Kasmiri alinitazama mara moja, kisha akakanyaga. Gari liliruka kama limechapwa. Kwa muda mfupi nilifurahi, nikaona miti inakimbia, nikasema tutawahi. Halafu kokoto zile zikawa mawe, ukasikika mlio kama bunduki, moshi wa buluu ukajaa nyuma yetu, na gari likazimika katikati ya mlima. Kasmiri alifungua boneti, akaangalia, akaifunga taratibu. Alisimama barabarani akipungia kila gari mikono yote miwili. Lori la miwa ndilo lililosimama. Tulipomtoa mama nje baba alisema tusihangaike tena. Alikuwa ameshamfumba macho.

Yaliyofuata unayajua. Kasmiri ndiye aliyerudi na mwili mpaka nyumbani. Mama Balbina ndiye aliyemwosha mama, ndiye aliyemvika kitenge chake cha kwaya. Na wewe, baada ya mazishi, fundi alipoifungua injini akakuta pistoni imetoboka, ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema Kasmiri ametia petroli ya boti kwenye gari lako kwa kiburi chake, akalikimbiza ovyo, akamuua mama. Jioni ile ukaenda polisi. Mimi ulinivuta nyuma ya jiko, ukaniambia yale ya kwenye simu yabaki kwangu na kwako, kwani Kasmiri nani atamwamini.

Nikanyamaza. Wewe ndiye uliyenilea baba alipokuwa kambi ya jeshi Chita, na nilikuonea huruma. Nilijua kwa nini unasema vile. Mtu akishajua kwamba neno lake mwenyewe ndilo lililolizima gari, atalala wapi? Nilidhani utatulia, utakwenda kuifuta kesi. Ukaondoka.

Kasmiri yuko mahabusu mpaka leo. Nimempelekea chakula, akanipokea kwa heshima kama zamani, akaniuliza baba anaendeleaje. Lori wamempa dereva mwingine. Mama Balbina akienda kisimani wanawake wanaacha kuzungumza, na kanisani benchi lake anakaa peke yake. Watu sasa wanasema Kasmiri aliiba petroli nzuri iliyokuwa kwenye tangi ndipo akatia ile mbaya. Hilo hata wewe hukulisema, lakini uliwafungulia mlango.

Sasa kaka, kuna jambo hulijui. Siku ile simu niliiweka spika, kwa sababu injini ilikuwa inapiga kelele. Baba alikusikia. Alisikia kila neno, na hakumwambia mtu, hata mimi. Alikaa msibani ukisema yale uliyoyasema, akiinamia fimbo yake. Nilidhani ni majonzi, kumbe alikuwa anakusubiri useme kweli mwenyewe.

Juzi asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akanigongea mlango. Alisema neno moja tu, "Twende." Nilidhani tunakwenda makaburini. Akaongoza mpaka kituo cha polisi. Alikataa kiti. Alimwambia askari kwamba aliyeagiza petroli ile itiwe ni mwanawe Damiani, na aliyeagiza gari likanyagwe ni huyo huyo. Askari aliacha kuandika, akamuuliza kama anajua anachokisema. Baba akajibu, "Najua. Na mimi niliyekuwa nyuma sikumkataza. Nami nilitaka akanyage. Kijana yule ndiye peke yake ndani ya gari aliyesema twende polepole, na ndiye mliyemfunga." Kisha nami nikasema niliyoyajua, nikaweka sahihi.

Hawajamwachia. Wamesema mlalamikaji ni wewe, inabidi uje mwenyewe.

Tulipotoka, baba alikwenda moja kwa moja kwa mama Balbina, akavua kofia mlangoni. Mama yule alimtazama kwa muda mrefu. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza. Baba akasimama juani mpaka nilipomshika mkono.

Kaka, baba amenituma nikuambie hakuchukii. Anasema hata yeye angelisema lile neno kwenye simu, na kwa neno lile Mungu atakusamehe kabla hujaomba. Lakini arobaini ya mama haitafanyika mpaka uje umtoe Kasmiri kwa mkono wako, umrudishe kwa mama yake, mchana, watu wakiona. Usipokuja, anasema usije hata siku ya kumzika yeye.

Msalimie sana wifi Restuta, uwabusu watoto. Shangazi wote wanakusalimu. Mungu akupe nguvu za miguu, kaka. Safari ni ndefu, lakini barabara ya Kidatu sasa inapitika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Odilia