Lumbwi Kapakwa Rangi

Jumanne, 8 Julai 2003

Ukungu tangu asubuhi, migomba ya jirani haionekani. Ng'ombe amekula. Kahawa nimechuma kidogo tu, vidole vikagoma kwa baridi. Makala ya wiki nimeimaliza kabla ya chai. Nimewachapa madiwani waliogawa kiwanja cha shule kiwe gereji. Mhariri atasema ni kali mno. Aseme.

Elinami kaja nikiwa bado nakunja karatasi. Kavaa koti la harusini siku ya kazi, nikajua kuna jambo. Watu wa Dar wamemwomba awape Lumbwi, katuni yake. Wanataka kumfanya mchezo wa televisheni, wa kila wiki, wenye watu wa kweli. Ameshatia sahihi. Anacheka kama bwana harusi.

Nikamuuliza nani atakuwa Lumbwi.

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu, Mwalimu. Mwenye miguu miwili."

Lumbwi ni kinyonga. Elinami amemchora kila wiki tangu gazeti letu lilipoanza, siku zile watu binafsi waliporuhusiwa kuchapisha. Visanduku vinne, ukurasa wa mwisho, ubavuni mwa safu yangu. Ameshughulikia viwanda kuuzwa, waziri kuhama kambi, mjamaa wa jana kufungua baa. Na kila wiki anamalizia vilevile: "Leo nimebadilika rangi, mmeona?" Gazeti letu ni jeusi na jeupe. Hakuna anayeona kitu. Ndiyo dhihaka yenyewe, na mlima mzima unaicheka.

Sasa watampaka rangi. Nimemwambia hivyo. Akasema nisianze. Nimeshaanza.

Jumamosi, 12 Julai

Wanapiga picha kwenye kihamba cha Elinami, katikati ya migomba yake. Nimekwenda kuona. Nimejuta.

Kijana wa watu kapakwa kijani kuanzia utosini. Mkia ni sponji ya godoro. Macho ni vikombe vya plastiki vilivyokatwa. Bibi wa nyumba ya chini kamkuta amekaa kwenye kisiki akisubiri zamu yake, akamwinamia kwa huruma kabisa: "Mwanangu, umekula nini? Ngoja nikuletee mtori." Akaleta kweli. Kijana akanywa. Hiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko yote, na kamera ilikuwa imezimwa.

Mwongozaji anaitwa Shaibu. Kijana mwenye adabu, anasema shikamoo kila anapopita. Yeye anamwita Elinami Mangi, kama wanavyomwita Mchaga yeyote mwenye duka Kariakoo. Elinami anaitika!

Kisha Lumbwi wao akafungua mdomo. "Aisee! Hela iko wapi, aisee?" Kwa lafudhi. Si lafudhi ya mtu yeyote wa huku. Ni lafudhi ya Mchaga kama anavyoigizwa kwenye vijiwe vya Dar. Na noti mkononi, anazinusa.

Nikamwita Shaibu. "Mbona anaongea hivyo?"

"Si ni Mchaga, mama."

"Nani kakwambia?"

"Katuni inatoka Moshi."

"Kwa hiyo samaki wa Tanga ni Wadigo?"

Wapiga picha wakacheka. Shaibu naye akacheka, akadhani natania. Elinami hakucheka. Alikuwa anatazama noti.

Alhamisi, 17 Julai

Siku tano hasira haijaisha. Nataka kujua ni hasira ya nini hasa.

Watasema ni uzee, kwamba tunaogopa mambo mapya. Uongo. Televisheni ilipoingia nchini niliandika kuishangilia, mchungaji akanihubiri Jumapili bila kunitaja jina. Napenda sinema. Nilikuwa napanda treni kwenda kuziona, zamani treni ilipokuwa treni.

Wala si kwamba hadithi imeharibiwa. Hadithi za Lumbwi ni nyepesi, nyingine mbovu, na Elinami ameyasikia hayo kutoka kwangu zaidi ya anavyotaka. Hakuna mtu aliyelinunua gazeti kwa ajili ya hadithi.

Ni sauti. Lumbwi hana sauti. Ana kiputo chenye maneno, basi. Mtu wa Rombo amemsikia kirombo, wa Machame kimachame. Dada yangu aliyeolewa Holili anaapa anaongea kama marehemu baba. Mimi namsikia kama mimi nikiwa na adabu. Miaka yote hii kila msomaji amemwazima koo lake. Leo anakuja mwigizaji na koo moja, la kukodi, na wote tunaambiwa: mlikosea, alikuwa anaongea hivi.

Na rangi, ndiyo. Na ile nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku. Pale mtu anapiga funda la chai, anaangalia nje, anarudi, ndipo anacheka. Shaibu hana hiyo nafasi. Ameijaza muziki.

Lakini wote wanaofanya mambo haya wanafikiri mchoro ni mtu aliyepungukiwa. Wanamwonea huruma. Wanampa nyama, jasho, viatu, wanangoja tuwashukuru. Lumbwi hakupungukiwa kitu! Mstari wake wa mgongo peke yake una kiburi kuliko mwili mzima wa yule kijana, maskini, aliyekuwa anatetemeka kwa baridi ndani ya rangi.

Hii ni makala. Nitaiandika.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada Elinami kanisubiri nje, mbali na watu. Kasema moja kwa moja: "Mwalimu, hili usiliandike."

Nikamwambia sijawahi kuombwa hivyo na mtu ninayemheshimu.

Akanyoosha mkono wa kulia. Sikuelewa. Akauacha pale, hewani kati yetu, mpaka nikaelewa. Unatetemeka. Si baridi. Hospitali ya Mawenzi wamemwambia hautatulia, utazidi. Tangu Pasaka anachora mstari mmoja asubuhi nzima, anapasua karatasi, anaanza tena. Mwisho wa mwaka anaacha. Mhariri hajui. Mkewe anajua, na sasa mimi.

"Nikiacha mimi, Lumbwi amekwisha," kasema. "Hawa watoto wa Dar ndio wa kumbeba. Bora aishi vibaya."

"Bora afe vizuri."

Limenitoka hivyo hivyo. Sikulirudisha. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na mlango wa nyumbani kwake. Akavaa kofia, akaondoka.

Nampenda Elinami kuliko ndugu zangu wengi. Niandike hilo hapa, maana kwingine sitaliandika.

Jumanne, 22 Julai

Sijaandika kitu. Nimefyeka majani ya ng'ombe mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Makala ya wiki nimewapelekea kuhusu mifereji. Makala ya woga. Hata mhariri kauliza kama naumwa.

Jumamosi, 26 Julai

Uzinduzi. Ukumbi wa mjini umejaa mpaka watu wanakaa kwenye madirisha. Wametoka Marangu, Kibosho, Rombo, wengine wamekuja na magazeti ya zamani wamekunja mfukoni. Elinami kawekwa mbele, suti, ua kifuani, mkono wa kulia umebanwa chini ya paja.

Taa zikazimwa. Lumbwi wao akatokea, kijani ya kuumiza macho. Watu wakacheka, kicheko cha kumkaribisha mgeni. "Aisee! Hela iko wapi?" Kicheko kikapungua. Mara ya pili, kikaisha. Baada ya hapo nikasikia viti.

Kisha ikafika sentensi yetu. Akageukia kamera: "Leo nimebadilika rangi, mmeona?" Na kwa ufundi wa kompyuta wakambadilisha kweli, kutoka kijani hadi nyekundu, huku kengele ikilia.

Halafu nyuma kabisa muuza mitumba mmoja wa soko la Pasua, namfahamu, ana sauti ya kuita wateja: "Tumeona! Sasa mrudisheni!"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka kwa mara ya kwanza vizuri, na hawakumcheka Lumbwi. Mama mmoja mbele yangu hakucheka. Alikuwa anasema polepole, "Siye. Siye huyu." Kama mtu aliyeitwa mochwari kutambua maiti.

Mwishoni wakamsimamisha Elinami. Watu walisimama wote. Walipiga makofi mpaka viganja vikauma, na kila mtu ukumbini alijua makofi ni ya nini na si ya nini. Shaibu peke yake alidhani ni yake. Akainama.

Elinami hakunitazama hata mara moja.

Jumapili, 27 Julai

Nimeiandika. Imetoka bila kufuta.

Sasa swali ni moja tu, na niliulize bila kujidanganya. Nikiichapa, rafiki yangu atajua nimechagua maneno yangu nikamwacha yeye. Nisipoichapa, wale watu waliokuja na magazeti mfukoni watabaki wakidhani wao ndio wajinga, wagumu, washamba wasioelewa mambo ya kisasa. Jana mlangoni Shaibu kamwambia mtu: "Washabiki ndio tatizo, hawaridhiki." Hawaridhiki! Miaka kumi wameridhika na visanduku vinne vya wino. Hakuna watu rahisi kuwaridhisha kama hao.

Kuhusu mkono hakuna neno. Hilo ni lake.

Naogopa. Nimegombana na maaskofu nisiogope.

Jumanne, 29 Julai

Nimeipeleka mwenyewe kwa mhariri nisije nikageuka njiani. Kaisoma amesimama. Kaniuliza kama Elinami ameiona. Nikasema ataiona siku watu wote watakapoiona, kama madiwani. Nilisikia jinsi lilivyotoka. Baya. Lakini sikuichukua karatasi.

Jumamosi, 2 Agosti

Imetoka. Na kwa kuwa ukurasa ni uleule, imetoka ubavuni mwa Lumbwi. Mimi nasema aliyeko kwenye televisheni si yeye, na yeye yuko hapo, kimya, kwenye jani lake la mgomba. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nimekaa nalo muda mrefu.

Shaibu kapiga simu kwa mhariri, mhariri kanipa. "Shikamoo mama. Mama, unaua sanaa ya nyumbani."

"Marahaba. Sanaa ya nyumbani ilikuwa ukurasa wa mwisho, baba. Mlipita mbele yake mkiwa na kopo la rangi."

Kaniambia nije Dar nione wanavyoipenda huko. Huenda wanaipenda kweli. Watoto wa huko hawakuwahi kumsoma, hawakuibiwa kitu. Wala sigombani nao.

Mke wa Elinami kanipita mferejini na ndoo yake. Hakunisalimia. Ningekuwa yeye nisingesalimia pia.

Jumatano, 6 Agosti

Barua za wasomaji zinamiminika kwa mhariri. Karibu wote wako upande wangu. Sijali. Lile koti la harusini halijapita njia ya kwangu tangu siku ile.

Natembea na jibu kali mdomoni kwa ajili ya lolote atakalosema, na hasemi lolote.

Jumamosi, 9 Agosti

Lumbwi wa leo.

Visanduku vinne, hakuna maneno hata katika kimoja. Anatembea tu juu ya tawi. Na mstari unatetemeka. Hakuuficha. Hakuupasua. Mgongo, mkia, tawi lenyewe, vyote vinayumba, na mguu mmoja uko mbele hewani, haujaamua utue wapi. Yeyote aliyewahi kumwona kinyonga akivuka njia anajua ndivyo anavyotembea, akiyumba mbele na nyuma kama jani. Kwa miaka yote Elinami alimchora ametulia kama mwenyekiti wa kikao. Leo kwa mara ya kwanza anatembea.

Kama ni jibu kwangu, sijui. Inawezekana hana tena nguvu ya kupasua karatasi, basi.

Mguu wa nyuma ameukosea. Mkubwa mno.

Jumapili, 10 Agosti

Ibada ya kwanza. Baridi imepungua.

Elinami alikaa kwenye benchi letu, mwisho kabisa, mkewe kati yetu kama ukuta. Tuliimba. Nilitoka mwisho nisikutane naye. Alikuwa kasimama kwenye ngazi.

"Mwalimu," kasema, "ile makala yako ina neno 'sauti' mara nyingi mno. Inachosha."

Nikamwambia mguu wa nyuma ni mkubwa mno.

"Nimeuona."

Mkewe akasema tutembee, kuna ng'ombe wa kukamua. Tukapanda mlima pamoja mpaka njia panda. Wao wakaenda kwao, mimi kwangu.