Siku Niliyokufunika kwa Sauti Yangu

Mama yangu,

Barua hii haina pa kupelekwa. Wewe umelala pale mwisho wa shamba letu la mahindi, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi niko Mbarara kwenye chumba cha kupanga, na kesho Alhamisi nina mtihani ambao sijui nimweleze nani. Kwa hiyo vumilia, leo unisikilize wewe.

Unakumbuka ulivyocheka nilipokwambia nimepata nafasi ya kusomea tiba ya muziki? Ulikuwa unachambua maharage. "Formasio ya kuimba?" ukauliza, kana kwamba kuimba hakuhitaji mafunzo. "Si uko mu korali tangu uko mutoto?" Nikajaribu kukueleza kwamba ni kazi ya kuwasaidia watu walioumia moyoni, kwa ngoma na nyimbo. "Aa, dokta ya nyimbo," ukasema. "Na sindano utaipiga na ngoma?" Majirani walinitania kwa jina hilo hadi siku niliyopanda boda kwenda Kaberebere kutafuta gari la Mbarara. Ulinisindikiza mpaka barabarani na begi langu kichwani, ukakataa kabisa nikupokee.

Nilichokuficha ni kwamba nilikwenda chuoni nikiamini nimeshahitimu. Si wewe uliyenifundisha? Katika kanisa letu la maturubai, mtu alipoanza kulia katikati ya wimbo, ulinikonyeza. "Pandisha sauti, umufunike," ulikuwa unaniambia tangu nikiwa mdogo. "Batu basimuone fasi anaangukia." Nami nilipandisha. Ngoma zilinifuata, korali nzima ikafuata, na kilio kikamezwa na wimbo. Kwetu kumfichia mtu mahali anapoangukia ilikuwa heshima. Tuliyoyaacha Kivu ni mengi, na kila Jumapili hakukosekana wa kufunikwa.

Siku ya kwanza darasani mwalimu wetu alisema: "Mtu akilia, shuka naye. Mkifika chini, nyamaza." Niliandika kwenye daftari, moyoni nikasema hayo ni maneno ya mtu ambaye hajafiwa. Unanijua, Mama, kiburi sikukiokota njiani.

Wiki iliyopita tulipelekwa kufanya mazoezi kwenye kambi ya jeshi, kwa wake na wajane wa wanajeshi. Nilipewa wanawake wanane niwaongoze. Mmoja wao ni Mama Pita, ambaye mumewe alikwenda kazini kwa miguu yake akarudi ndani ya jeneza. Tuliimba taratibu, ngoma zikiwa mapajani. Akaanza kulia, kwanza mabega, kisha sauti. Na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, daftari limejaa, nikapandisha sauti. Mkono ulipiga ngoma kwa nguvu kabla sijafikiri. Wenzake wakanifuata. Nikamwona amefungua mdomo wazi na sisikii kitu. Akasimama.

"Wewe musichana," akaniambia, "mimi nalia bwana yangu, wewe unanipigia kelele." Akatoka.

Mazoea yana taabu. Mwalimu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema atakuja kunitazama Alhamisi, na nikimfunika mtu tena, basi nirudi Nakivale nikaongoze kwaya. "Si kazi mbaya," alisema, "ila si hii." Nikalia chooni kama mtoto. Hata hivyo, si maneno yake yaliyoninyima raha wiki nzima. Ni ule mdomo wa Mama Pita. Nilikuwa nimeshauona mahali.

Niliuona kwako, Mama. Ilikuwa Jumapili ile baada ya habari za kifo cha Baba kutufikia kutoka Kivu. Mwili wa kuzika hatukuwa nao, tulikuwa na wimbo tu. Ulikaa safu ya tatu na kitenge chako cha kijani. Tulipofika ubeti wa tatu ukavunjika. Safari hii hapakuwa na wa kunikonyeza, na wala sikuhitaji. Nilipandisha sauti, nikapandisha tena, mpaka ukafunga mdomo. Nje ya kanisa watu walinishika mkono, "Umemusaidia mama yako." Nawe njiani uliniambia, "Uliimba muzuri," basi, ukatangulia.

Hukulia tena mbele yangu. Kila Jumamosi ulilifua lile shati moja alilotuachia Baba, ukalianika, ukalikunja, na sisi wote tukajifanya hatuoni. Mwaka jana presha ikakuchukua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi ndiye niliyekusaidia kuficha, tena nikasifiwa. Ninajuta. Sisemi ulikosea kunifundisha. Ulinipa ulichokuwa nacho, na pengine wapo waliotaka kufunikwa kweli. Lakini sikukuuliza, Mama. Nilikuwa binti yako, na sikukuuliza.

Jana nilimfuata Mama Pita sokoni anakouza ndizi. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, kama wanavyofanya huku, nikamwomba msamaha, nikamweleza na habari ya Alhamisi. Aliendelea kupanga ndizi zake, kubwa chini, ndogo juu.

"Hiyo Alhamisi nitakuja," akasema mwishowe. "Lakini wewe usinisaidie. Kaa tu."

Tangu nianze masomo haya sijapewa kazi ngumu kama hiyo. Sijui kama nitaiweza. Mdomo wangu huamka kabla yangu, unaujua.

Leo mchana nimefunga mlango, nikaimba wimbo wa Jumapili ile, peke yangu, bila ngoma. Nilipofika ubeti wa tatu, koo likataka kupanda lenyewe. Nikashuka. Likataka tena. Nikashuka tena, mpaka nikanyamaza. Uani jirani alikuwa anasugua sufuria. Nikakaa tu, mikono mapajani, kama nilivyoagizwa. Na hapo, Mama, nikakusikia ukilia.

Sikuimba.

Kesho nikishinda au nikishindwa, Jumapili nitakuja Nakivale. Nitakaa kando yako pale shambani, na safari hii ukitaka kulia, lia. Hakuna atakayekufunika.

Binti yako, wa sauti ya kwanza